Ujumbe Nilioutuma Wazi

Siku ile bado ninayo moyoni, mwanangu, siku programu yangu ya kwanza ilipokubali kufanya kazi. Nilikuwa msichana mwembamba (usicheke), nasoma kompyuta chuoni hapa Karatu. Kwetu Nainokanoka simu ilikuwa moja, ya mwenye duka, na kila ujumbe ulioingia aliusoma kwa sauti mbele ya wateja. Baba hakutaka watu wajue kaka yangu amepata wapi malisho kule Kakesio. "Nitengenezee kitu," aliniambia, "yule bwana asome mpaka achoke."

Basi nikaandika programu ya kusogeza kila herufi mbele hatua tatu. "Maji" ikawa "pdml". Ilinigomea kwenye "nyasi", maana ukisogeza y unaishiwa herufi, mpaka nikaifundisha kurudi kwenye a. Mwenye duka angenakili zile herufi, na mdogo wangu nyumbani angezirudisha nyuma hatua tatu, asome. Nilijiona nimemaliza elimu yote ya dunia!

Kisha kaka akanipigia simu kutoka Kakesio. Ng'ombe walikuwa wanakohoa, homa ya mapafu, na wengine wameshakufa. Agizo la baba lilikuwa kwamba kila habari ya Kakesio ifichwe, hivyo nikaketi chuoni kuificha. Bibi yetu, tuliyemwita Koko, alikuwa amekuja mjini kutibiwa macho, akinisubiri pembeni.

"Unaandika nini?"

"Namwambia baba ng'ombe wanaumwa, Koko. Lakini naficha, mwenye duka asielewe."

"Kwetu mtu akitoka penye ng'ombe wagonjwa husimama mbali na boma, akalisema hilo kabla hata ya salamu. Wewe unalifunga? Lemayani anahamisha ng'ombe wake kesho. Unajua anakwenda wapi?"

Lemayani ni jirani yetu, na watoto wake wote walikula kwa ng'ombe wale. Alikuwa anakwenda Kakesio.

Niliogopa sana hasira ya baba. Hata hivyo nilifuta zile herufi, nikaandika: "Kakesio kuna homa ya mapafu. Msipeleke ng'ombe." Mwenye duka akasoma kwa sauti kama kawaida yake, na safari hiyo nilimshukuru Mungu kwa mdomo wake. Lemayani akashusha mizigo ya punda, hakwenda.

Baba alininunia msimu mzima. Likizo ikafika, hakuniita nyumbani, nikabaki mjini, na niliumia. Ng'ombe wetu karibu wote walikwisha. Halafu asubuhi moja Lemayani akaingia bomani akiswaga mtamba mwekundu. "Huyu ni wa binti yako," akasema. Baba akampokea mtamba, akaagiza nirudi nyumbani.

Kwa hiyo, mwanangu, programu unayoitaka ya kuficha ujumbe nitakusaidia kuiandika. Siri nyingine zina heshima yake: maneno ya mchumba wako, maradhi ambayo mwenzako amekuamini nayo. Lakini kabla hujabonyeza kutuma, jiulize nani ataumia asipojua. Akiwepo hata mmoja, andika wazi, hata kama unaogopa. Kompyuta itaficha chochote utakachoipa na haitakuuliza kitu. Kuuliza ni kazi yako.

Mungu akupe akili ya kufunga na moyo wa kufungua. Mifugo yako izae, na boma lolote utakalolifikia, watu wafurahi wakikuona unakuja.