Mkono Uliorudi Umechelewa

Mmenialika hapa kliniki niwape moyo, na nitajaribu. Lakini nisiwadanganye, mimi sikupona vile watu hupenda kusikia.

Naitwa Kioko, wa Kalama. Kabla ya kiharusi nilikuwa napiga dramu kwenye bendi ya roki. Ndiyo, roki, hapa Machakos, na watu walikuwa wanakuja. Nilikuwa napiga mpaka vijiti vinavunjika, na nilikuwa mzuri. Nasema hivyo bila haya kwa sababu hakuna mwingine wa kunisemea. Mwaitu, yaani mama yangu, hakuwahi kuja hata siku moja. Alikuwa mtu wa kanisa, na muziki wetu aliuita "hizo kelele".

"Njoo tu mara moja, Mwaitu," nilikuwa namwambia.

"Nitakuja mbaazi zikiisha."

Na mbaazi za Kalama huisha lini?

Siku ya kiharusi tulikuwa tunapiga kwenye klabu mjini. Kijiti cha kulia kikaanguka. Nikainama nikiokote, vidole havishiki. Nikajaribu kuongea, mate yakanitoka upande mmoja. Deno, mpiga gitaa wetu, akacheka akidhani nimelewa, na mimi hata pombe sinywi. Akanimwagia maji kichwani. Niliposhindwa kusimama ndipo akashtuka. Nilikuwa nimejikojolea mbele ya watu wote.

Hospitali daktari aliniambia, "Damu imeganda kwenye ubongo. Presha yako imekuwa juu siku nyingi bila wewe kujua." Nikamwuliza kama nitapiga dramu tena. Maneno hayakutoka vizuri, ikabidi nirudie. Akasema, "Kwanza tuone kama utashika kijiko."

Sikushika kijiko. Mama alinilisha, akaniosha, akanifunga nepi, mimi mwanaume wa ndevu. Bendi ilikuja kuniona, kisha ikatafuta mpiga dramu mwingine. Siwalaumu. Lakini nililia.

Nilipewa kampira ka kufinya, nikakatupa nje. Basi mbaazi zilipokauka, mama akazitandaza kwenye turubai uani, akanifunga fimbo mkononi kwa leso. "Piga," akasema. Tukakaa tukiangaliana, yeye anapiga, mimi nafuata, maganda yanapasuka. Mkono wangu ulikuwa unachelewa, na yeye alikuwa ananingojea. Kwenye bendi hakuna mtu aliwahi kuningojea hivyo.

Mkono ukarudi pole pole. Siku moja akaniambia, "Mwanakwa, toa hizo ngoma zako stoo nisikie."

Nikazipanga uani katikati ya kuku. Nikapiga. Wee, ilikuwa aibu. Mguu unakimbia, mkono unabaki nyuma, toazi nikalikosa kabisa. Niliacha katikati.

Mama alikuwa anapiga makofi. "Kumbe hii ndiyo nilikuwa nakataa kuja kusikia? Ni tamu."

Hakusikia tena. Mbaazi zilizofuata zikiwa bado shambani, presha ikamchukua yeye. Presha ile ile yangu. Kila mara tulikuwa tunakuja kliniki pamoja, ananishika mkono, anasubiri kwenye benchi, anamwuliza daktari presha yangu ni ngapi. Yake hakuna aliyewahi kuipima. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo, na sidhani litaacha kuniuma.

Namshukuru Mungu, nafunga vifungo vya shati mwenyewe. Napiga dramu kanisani kwake, zile nyimbo za taratibu. Mkono bado unachelewa kidogo, na siku hizi ni waimbaji wananingojea.

Ushauri wangu ni huu. Mtu akipinda mdomo, mkono ukifa ganzi, msimcheke wala msimmwagie maji. Mkimbizeni hospitali. Na nyinyi wagonjwa wenzangu, kila mmoja amwangalie aliyemleta leo, yule amemshikia mfuko wa dawa. Mwaitu alinisikia mara moja tu, na siku hiyo nilipiga vibaya. Mashine ya kupima presha iko hapo mlangoni. Leo waanze wao.