Ufunguo Kapewa Mume Wangu

Jamani, leo akida, msimamizi wetu wa Mdachi, kanipa chumba bila kujua kwamba kanipa!

Tangu masika nasubiri vile vyumba Mdachi alivyowajengea wafanyakazi wa reli. Kokoto nabeba mimi, mgongo wangu ndio shahidi. Lakini kila nikienda, akida ananijibu: "Mwanamke hapewi nyumba. Mlete mumeo."

Haya. Leo nimempeleka.

Mume wangu ni mkulima, reli hajaigusa hata kwa kidole! Akida akamchangamkia: "Chumba chako hiki, bwana. Shika ufunguo."

Akaupokea kwa mikono miwili, akageuka, akanikabidhi mimi. Wala hakufikiria! Sisi Waluguru nyumba ni ya mke, mume ndiye anayehamia.

Akida akafoka, "Nimekupa wewe!"

Mume wangu akashangaa kwelikweli. "Bwana akida, mimi naishi kwa mke wangu."

Wote waliokuwa wakingoja wakaangua kicheko.

Eti kesho akida anakuja kuuchukua ufunguo wake. Aje tu! Mafiga yangu yameshakaa humu ndani na moto unawaka.

Na nyie wenzangu mlioambiwa mlete waume, mnangoja nini? Wapelekeni!