Mjomba Aliyemponya Mama

Mjomba wangu hakuwa mganga wala daktari. Alikuwa dalali wa ng'ombe huko Handeni, mtu wa kofia pana na mdomo mpana kuliko kofia. Lakini wakati ule wa corona, mama yangu alipoanza kukohoa nyumbani kwetu Magoma, yeye ndiye aliyefika na dumu la dawa chungu, akatuamuru tumfukize.

"Corona ni ya watu wa mjini wanaolala kwenye viyoyozi," alisema, ameketi mlangoni, kitambaa puani. Sasa kama kwetu haikuwepo, kitambaa cha nini?

Mama akafunikwa blanketi juu ya sufuria la majani, asubuhi na jioni, akitoka jasho hadi midomo ikapasuka. Kisha kikombe cha ile dawa. Kisha vidonge vya maumivu, ambavyo mjomba alivigawa kama pipi. Homa iliposhuka kidogo, akajipiga kifua.

Kopo la mama nilikuwa nikilimwaga mimi. Niliona mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi iliyolala, tena unapungua, mpaka asubuhi moja nikakuta kopo kavu. Miguu ilikuwa imevimba. Ukibonyeza, kidole kinaacha shimo.

"Mjomba, mama hakojoi."

"Sumu inatoka kwa jasho, mpwa wangu. Mwili una akili zake."

"Basi unakuzidi wewe."

Alihamaki, akasema sina adabu. Nilimwacha akiitafuta hiyo adabu, nikakodi gari, nikampeleka mama Korogwe.

Daktari, dada mmoja mwenye macho ya uchovu juu ya barakoa, hakuanza na kikohozi. Aliuliza, "Mara ya mwisho amekojoa lini?" Akanieleza kwamba ugonjwa huu hauishii kwenye mapafu, figo nazo hushambuliwa, na mgonjwa akikaushwa maji kwa jasho, akaongezewa vidonge vile na dawa isiyojulikana, figo zinaelemewa kabisa. Tukapewa rufaa, mama amewekewa oksijeni, hadi hospitali kubwa yenye mashine ya kusafisha damu.

Nilikaa kando ya mashine ile nikitazama damu ya mama ikitoka na kurudi kwenye mipira. Sijawahi kumdharau mtu kwa utulivu kama nilivyomdharau mjomba pale. Siku mama alipokojoa tena, kidogo tu, nililia mbele ya wauguzi.

Tuliporudi nyumbani, mjomba alikuwa amejaa kwenye kiti barazani, majirani wamemzunguka. "Ile dawa yangu ndiyo iliyomfungua," alikuwa akisema. "Hospitali wamemalizia tu." Na majirani, bila haya, wakaitikia.

Mama alisimama mbele yake, ameniegemea.

"Kaka," alisema, "kama umemaliza kuniponya, nipishe nikae."

Mjomba alicheka peke yake, kisha akainuka. Mama akakaa. Nguvu za figo zake hazikurudi zote; bado anahudhuria kliniki, na chumvi amekatazwa.