Kamanda Ambaye Hakufika Balangdalalu

Fomu ilinifikia nikiwa Katesh, nimekaa kwenye benchi la duka la kuchajia simu. Ilikuwa na mistari kumi na miwili: jina, umri, cheo, sayari aliyozaliwa, silaha, nguvu, ujasiri, uaminifu, anachopenda, anachochukia, udhaifu, na wa mwisho, "kwa nini askari wake wako tayari kufa kwa ajili yake." Aliyeituma alikuwa mwenzangu wa chuo, mtu wa Arusha. Yeye na wenzake wawili walikuwa wanatengeneza gemu la simu, vita vya sayari mbili zinazogombea maji.

"Waovu tunao wa kutosha," aliniambia kwa simu. "Tunakosa mtu mmoja wa kuheshimika. Wewe ni mwandishi, tuandikie kamanda."

Miezi mitatu kabla, redio niliyokuwa naipelekea habari ilikuwa imepunguza watu, nami nikapunguzwa. Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa umetimiza zaidi ya miaka kumi tangu ukatwe kutoka Arusha, simu za kugusa kioo zilikuwa zimefika hadi vijijini, na mimi nilikuwa nimerudi Endasak kwa baba yangu kulima maharage. Nilikubali kabla hajamaliza kueleza. Sikuona ugumu wowote. Kamanda nilikuwa naye nyumbani.

Baba alikuwa amekwenda vitani Uganda akiwa sajini, akiongoza seksheni ya watu kumi. Tulilijua hilo kama tulivyojua kwamba zizi liko nyuma ya nyumba. Koti lake la jeshi lilining'inia nyuma ya mlango hadi panya walipolimaliza. Mama alipokuwa hai alituonya tusimuulize habari za huko, nasi hatukumuuliza. Sasa mama alikuwa amefariki, na mimi nilikuwa na fomu.

Nilianza siku ya pili, asubuhi, amekaa kwenye kigoda akipukuchua mahindi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Daftari la nini?"

Nikamweleza kuhusu gemu. Alisikiliza bila kuacha kazi, kisha akanisukumia nusu ya mahindi. "Uliza, lakini mikono isilale. Hao watu wa angani wanakula nini?"

"Vidonge, baba."

"Vidonge!" Alicheka hadi akakohoa. "Basi hapo hakuna jeshi. Askari asipopata cha kunung'unikia kuhusu chakula, atanung'unika kuhusu kamanda. Waandikie ugali. Na uwe mbichi."

Kwa siku nne tulikwenda hivyo. Nilikuwa na utaratibu wangu wa redioni: ukurasa wa kushoto maswali, wa kulia majibu, na pembeni nyota kwa jibu linalohitaji kurudiwa. Nilimuuliza sauti ya kutolea amri. Akasema ni ndogo, maana ukipaza sauti watu wanajua umeogopa. Nilimuuliza kama kamanda hula wa mwisho. "Hilo kila mtu anaweza," alisema. "Anayefaa ni yule anayejua nani hakula kabisa." Nilimuuliza uzito wa bunduki, namna ya kuvuka mto, viatu vilivyolowa, mahali pa kukaa anayeongoza watu wanapotembea kwa mstari. Nilijaza kurasa thelathini na mbili. Nazitaja kwa sababu nilijivunia, na kwa sababu nimezisoma tena zote nikitafuta kitu ambacho hakimo.

Siku ya tano tulifika mstari wa udhaifu.

"Kamanda wako naye awe na udhaifu?" aliuliza.

"Wanasema lazima awe nao. Bila huo watu hawatampenda."

Aliweka chini gunzi tupu. Kisha akasema, "Andika kwamba hakwenda kwa mama wa askari wake."

Katika wale kumi alikuwamo kijana wa Kimang'ati kutoka Balangdalalu, mtoto wa wafugaji, ambaye hakupenda viatu na aliwaimbia wenzake nyimbo za kusifu ng'ombe ambao hawakuwahi kuwaona. Aliuawa karibu na shamba la migomba, mchana. Baba alimbeba mgongoni kutoka kwenye migomba hadi palipokuwa salama, akamzika kwa mikono yake na ya mwingine mmoja, na huyo mwingine naye hakurudi. Kwa hiyo duniani alibaki mtu mmoja anayejua kaburi lile liko wapi na lilichimbwaje.

Vita vilipoisha alirudi Endasak akiwa amekusudia kulala usiku mmoja tu, asubuhi aende Balangdalalu. Alipofika mpakani mwa kijiji, wazee wetu wa Kiiraqw walikuwa wanamsubiri. Habari kwamba alibeba maiti ilikuwa imemtangulia. Aliyeguswa na kifo cha namna hiyo kwetu huwekwa kando, naye anaitwa mtu wa metimani. Ana kikombe chake na njia yake ya mtoni. Haingii nyumba ya mtu, wala haendi kwa watu wengine kuwapelekea mauti aliyoyabeba. Padri alisema misa ilitosha. Wazee walisema haikutosha. Baba, ambaye alikuwa ameshika amri kwa miaka, alishika na hiyo.

Akiwa bado kando, watu wa Balangdalalu walimtuma mtu. Mjumbe alisimama ng'ambo ya kijito na baba akasimama upande huu. "Mama anauliza utakuja lini," mjumbe alisema. Baba akajibu, "Nikifunguliwa nitakuja."

Alifunguliwa baada ya zaidi ya mwaka.

"Kwa hiyo ulikwenda?" niliuliza, ingawa jibu alikuwa ameshalitoa.

"Mwaka wa kwanza nilikatazwa," alisema. "Wa pili niliona aibu ya mwaka wa kwanza. Wa tatu niliona aibu ya miwili. Sasa hesabu wewe mwenyewe."

Nilikuwa naandika haraka. Nakumbuka furaha niliyoisikia, na siwezi kuiita kwa jina jingine. Ilikuwa furaha ya mwandishi aliyepata habari. Mtu aliyetii wazee wake akamkosea mama wa askari wake, na pande zote mbili alidaiwa heshima. Fomu nzima ilikuwa imejijibu.

"Ulimzikaje?" niliuliza. Kalamu ilikuwa tayari.

Akatikisa kichwa. "Hilo si la daftari. Hilo nitalisema hukohuko, mbele ya mama yake. Nimesikia bado yuko hai. Nipeleke."

"Nitakupeleka, baba."

"Kesho."

"Fomu inatakiwa Ijumaa. Twende Jumatatu."

Alinitazama, kisha akaokota hindi jingine. "Jumatatu," alisema. Hakubishana. Alikuwa mtu wa kushika amri.

Ijumaa nilipanda bodaboda hadi Katesh kwenye mtandao mzuri na kutuma kamanda wangu. Nilimfanya akae nje ya mji wake mwaka mzima baada ya ushindi, akila kwa bakuli lake, huku kwenye sayari nyingine mama mmoja akimsubiri. Mwenzangu alipiga simu Jumamosi.

"Dada, umeandika vizuri, lakini huyu jamaa hapigani."

"Amepigana. Sasa amerudi."

"Nani atacheza gemu la mtu aliyekaa nje ya nyumba yake? Mchezaji atabonyeza nini?" Nikasikia wenzake wakicheka nyuma. Mmoja akasema kwa sauti, "Abonyeze kusubiri!" Mwenzangu naye akacheka, kisha akaona haya. "Mtafutie udhaifu mwingine. Aogope moto, au alipoteza jicho. Mpaka Jumanne."

Ningeweza kukataa. Nimelifikiria hilo mara nyingi na sioni kilichonizuia zaidi ya hamu ya kazi yangu kukubaliwa mahali fulani, popote. Jumatatu asubuhi baba alikuwa amevaa shati lake la kanisani na amekaa kwenye kigoda na fimbo. Nilimwambia twende Jumatano. Akaingia ndani akabadili shati.

Jumanne nilituma kamanda mwenye jicho moja. Jumatano alfajiri nilimkuta baba sakafuni kati ya kitanda na mlango, shati la kanisani limevaliwa mkono mmoja.

Ilikuwa kiharusi. Upande wa kulia ulilala wote na maneno yakaondoka. Hospitali walikaa naye siku tisa wakaturudisha nyumbani. Mkono wa kushoto uliinuka, jicho lilifuata watu, na kutoka kinywani ilitoka sauti moja tu, ileile, akitaka maji au akitaka kugeuzwa.

Nilikwenda Balangdalalu peke yangu. Kutoka Endasak unapita Katesh na kuuzunguka mlima Hanang hadi unauona upande wa mgongo, na bodaboda aliniuliza mara mbili kama nina uhakika na ninakokwenda. Boma lilijulikana. Mama yule alikuwa amekaa kivulini mwa nyumba, mkongwe, mabangili ya shaba yamelegea mikononi. Mkwe wake, mwanamke wa umri wangu, alitufasiria.

Nilimwamkia nikasema mimi ni binti wa nani. Aliposikia, alitazama njia niliyojia, nyuma yangu. Kisha akaongea, na mkwe akasema, "Anauliza kwa nini amemtuma mtoto."

Nikaeleza ugonjwa. Nikaeleza wazee, kijito, mwaka na ushei wa kutengwa. Mama alisikiliza na kusema jambo fupi. "Anasema hayo aliyajua. Mjumbe aliyaleta. Anasema hakumkasirikia kwa mwaka ule."

Nikafungua daftari. Niliwasomea yale niliyokuwa nayo: nyimbo za ng'ombe, viatu, migomba, mgongo wa baba. Kwenye viatu alicheka kidogo, meno hayapo, akasema kitu ambacho mkwe hakukifasiri. Nilidhani kazi imekwenda vizuri.

Kisha akauliza. Mkwe akageuka kwangu. "Anauliza walimlaza kwa ubavu upi. Na uso ulielekea wapi."

Nilifunua daftari kana kwamba jibu huenda likawamo. Kurasa thelathini na mbili. Uzito wa bunduki ulikuwamo.

Nakiri kwamba jibu lilinijia tayari. Ubavu wa kulia, uso kuelekea nyumbani. Nilikuwa nimetunga sayari nzima mwezi ule, kaburi moja lingenishinda nini? Mama alikuwa ameinua uso. Mkwe naye alikuwa akinitazama, na nadhani yeye angependa niseme chochote.

"Sijui," nilisema. "Alisema atakwambia mwenyewe."

Halikuchukua muda kufasiriwa. Mama alizungusha bangili moja, polepole, kisha akajibu akiwa ameshageukia upande wa ng'ombe.

"Anasema, basi baba yako bado hajafika. Mwambie anamsubiri."

Nilirudi Endasak jioni ile, nikakaa pembeni ya kitanda. Nilimwambia nimetoka Balangdalalu. Jicho likaja kwangu likakaa. Nikamwambia mama anasubiri, na swali lake ni hili.

"Ubavu wa kushoto, baba?"

Akainua mkono wa kushoto.

Nilikuwa nimeshika kalamu. Kisha, kwa mazoea ya kazi, maana jibu moja huhakikishwa kwa swali la pili, nikauliza, "Au wa kulia?"

Akainua mkono wa kushoto. Ndio pekee uliokuwa unainuka.

Nikauliza tena siku ya pili, na ya tatu, nikibadili mpangilio. Nilimwomba afumbe jicho kwa ndiyo. Alifumba kwa kila kitu. Mara moja alitoa ile sauti yake kwa nguvu nyingi, mara nne au tano mfululizo, mshipa umesimama shingoni, na nilijua kwamba ananiambia. Alikuwa ananiambia lote, lilivyokuwa, na mimi nilikuwa nimeinama juu yake na daftari langu nikisikia sauti ileile ya kuomba maji. Nikampa maji. Akayaacha yamwagike.

Alifariki kabla mvua za masika hazijaanza. Tulimzika nyuma ya nyumba, na nilisimama karibu kabisa nikatazama namna walivyomlaza, nikaandika.

Gemu lilitoka mwaka uliofuata. Mwenzangu alinitumia picha. Kamanda ana jicho moja, bega pana, na joho linalopepea mahali pasipo na upepo. Ukimgusa anasema maneno matatu kuhusu heshima. Sikuyaandika mimi. Fomu ya kwanza bado ninayo kwenye simu, na kwenye udhaifu imebaki kama baba alivyosema.

Mara ya mwisho niliuliza habari mnadani Katesh, nikaambiwa mama wa Balangdalalu bado yuko hai. Wakati ule wa msiba nilijiambia nitakwenda mazishi yakiisha, nimwambie kwamba hakuna tena wa kuulizwa. Kisha ikawa kupalilia. Kisha nikaona niende baada ya mavuno, nisifike mikono mitupu. Huu ni mwaka wa tatu.