Ukurasa ambao mama amekataa nifungue

Leo Sabato mama amenikamata nikisoma komiki. Nikajua nimekwisha.

Mnamjua mama. Kwetu hapa Nyaramba, siku ya Sabato hata redio huimba kwaya tu.

Lakini macho yake yalitua kwenye picha ya maiti yenye kinyago usoni.

"Moraa, huyu ni nani?"

Nikamwambia ni shujaa aliyekuwa akiruka angani, ameuawa. (Mashujaa wenyewe hata siwapendi sana. Nampenda mpelelezi wao, mtu wa kawaida asiye na nguvu zozote, anayetembea kwenye mvua akimtafuta muuaji.)

"Kwao ni wapi?"

"Hakuna anayejua, mama. Hata jina lake halisi halijulikani."

Akavuta kiti. "Soma. Nataka kujua kama watampeleka nyumbani."

Nikamsomea kwa Kikisii. Mpelelezi akapata jina, kisha akapata kijiji. Akafika kwa mama wa marehemu, akavua kofia, akainua mkono abishe mlango.

Nikataka kufungua ukurasa unaofuata.

Mama akaweka kiganja juu yake.

"Wacha kwanza," akasema polepole. "Huyo mama bado ana mtoto."

Komiki iko mezani hadi sasa, imeachwa papo hapo. Nyinyi mngeendelea kusoma?

Mimi nimeshindwa. Polisi walipobisha kutuletea habari za kifo cha kaka yangu Nyakundi, mama aliniambia nisiharakishe kufungua.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni.