Nilichagua Risasi Kubwa, Mke Wangu Akalipa kwa Jicho Lake

Kosa ni langu. Si la bunduki, si la muuza duka, wala si la mke wangu, ingawa yeye ndiye anayelibeba usoni. Nimeshindwa kumwambia yeye ukweli, ndiyo maana nawaambia ninyi nisiowajua.

Tunaishi Brooklyn Park, huku ughaibuni kwenye baridi. Mke wangu, nimwite Mama Shiro ingawa silo jina lake, ni muuguzi. Wenzake kazini huwinda kulungu kila Novemba, wakamtia hamu. Akasomea usalama wa bunduki, akafaulu, akawa anafanya mazoezi na bunduki ya kukodi. Ana shabaha mwanamke yule! Mimi nikaona siwezi kuachwa nyuma na mke wangu, nikasoma pia.

Tukaenda duka moja upande wa Crystal, mji jirani, kununua bunduki ya kutumia sote wawili. Mama Shiro alikuwa ameshajua anachotaka: two-forty-three, risasi ndogo isiyoumiza bega, na kulungu anaanguka nayo vizuri tu. Muuza duka, mzee mpole wa Kizungu, akamgeukia yeye. "Na wewe mama, umezoea risasi gani?"

Nikajibu mimi! Nikasema atatumia yangu, na yangu ni three hundred magnum. Mzee akasema hiyo ni ya wanyama wakubwa kuliko kulungu, na kwamba bunduki yake inarudi nyuma vibaya, hasa kwa mtu mwenye umbo dogo. Kisha akamtazama tena mke wangu, akingoja.

Mama Shiro alinyamaza, akainamia visu vilivyopangwa kwenye kabati la kioo. Kwetu mke hampingi mumewe mbele ya wageni. Nililijua hilo, nikajificha humo.

Kwa nini magnum? Kwa sababu ya wanaume wa kanisani kwetu! Niliwahi kuwasikia wakimcheka mwenzetu mmoja kwamba risasi yake ni ya kufukuzia ndege kwenye mtama. Nikaapa mimi hawatanicheka.

Nikailipia magnum. Kwenye gari akaniambia, "Baba Shiro, hiyo kitu ni kubwa kwangu. Ungeniacha tu nimjibu yule mzee."

"Utaizoea. Si ni ku-hold tu vizuri?"

"Sawa. Wewe ndio umesema."

Jumamosi moja tukaenda kuijaribu kwenye uwanja wa shabaha. Nikaanza mimi. Risasi ya kwanza, bega likawaka moto na meno yakagongana. Ya pili nilifumba macho kabla hata sijafyatua. Nikaiweka chini, nikamwambia mke wangu iko sawa, twende nyumbani, baridi imezidi.

"Na mimi je? Sijaishika hata."

Nikamwambia bunduki ni bunduki. Laiti ningemwacha aipige hapo mara moja tu, mbele ya watu wanaojua! Lakini angegundua nilichokigundua mimi, na ningeonekana mjinga.

Novemba ikafika. Mfanyakazi mwenzake Mama Shiro alituruhusu kuwinda kwenye shamba lake huko kaskazini. Tukakaa kwenye kibanda cha mbao kilichoinuliwa juu ya nguzo, tumevaa majaketi ya rangi ya chungwa, thermos ya chai katikati yetu. Kulungu dume akatoka kwenye miti, akasimama, ubavu wote wazi. Alikuwa upande wangu. Bunduki ilikuwa mikononi mwangu.

Nikaiinua nusu, nikaishusha. Bega langu lilikuwa limekumbuka. Nikamnong'oneza, "Chukua wewe."

"Mimi? Kweli?" Uso wake ulivyong'aa!

"Piga wewe."

Kitako cha bunduki kilikuwa kirefu kwake, ikabidi asogeze jicho hadi karibu kabisa na darubini ya kulengea iliyofungwa juu yake. Niliona. Sikumwonya. Akafyatua, bunduki ikarudi, ukingo wa darubini ukamgonga jichoni. Kulungu alianguka palepale. Mke wangu alijifunika uso, damu ikipita katikati ya vidole, na neno lake la kwanza likawa, "Nimempata?"

Hospitalini walimshona nyusi. Lakini jicho lilikuwa limeumia ndani, utando wa nyuma umechanika. Wakampasua. Limebaki ukungu mtupu. Hawezi kutafuta mshipa wa mgonjwa tena, na kuendesha gari anaogopa. Brooklyn Park bila gari ni kifungo, wenzangu!

Watu wote tuliwaambia aliteleza kwenye barafu. Yeye ndiye aliyetunga uongo huo, ili wanaume wa kanisani wasinicheke kwamba mke ndiye aliyempiga kulungu. Nyama ya kulungu wake ililiwa nyumbani kwetu, wageni wakinipiga mgongoni: "Wewe ni mwanaume, bwana!" Nikakubali! Nikameza sifa pamoja na nyama!

Mama Shiro akawa anazunguka na birika. Akamimina chai kando ya kikombe, juu ya meza. "Mum, the cup is over there," binti yetu akasema. Wageni wakacheka. Naye akacheka nao, huku akipapasa kutafuta kitambaa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini niliendelea kutafuna.

Walipoondoka nilitaka kusema yote. Nikaanza, "Mama Shiro, ile siku kwenye kibanda..."

Akanikatiza. "Wacha kujilaumu. Nilikuwa so happy hiyo siku. Wanaume wengine hawangenipa hiyo chance. Wewe ulinipa."

Ananishukuru! Nitamwambiaje sasa kwamba sikumpa kwa upendo, nilimpa kwa sababu niliogopa bunduki yangu mwenyewe? Nikisema, namnyang'anya kitu pekee kizuri alichobaki nacho cha siku ile. Nikinyamaza, naoza ndani. Sijui nifanye nini, na sioni pa kukimbilia.

Ninyi mnaonunua bunduki, chagueni risasi ambayo aliye mdogo kuliko wote mtakaoitumia anaimudu. Mkeo akiulizwa swali dukani, funga domo lako! Akinyamaza, usidhani amekubali. Na ukiogopa, sema naogopa. Mimi neno hilo lilinishinda, na sasa kila asubuhi namshika mke wangu mkono tukishuka ngazi, naye ananiambia asante.