Maji Yamekawia Wapi?

Kuna siku moja ya kiangazi, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Nilikuwa mke kijana hapa Lukozi, mwaka wa pili tangu niolewe, na kabichi zangu zilikuwa zinanyauka.

Huku kwetu maji ya kumwagilia hukusanywa kwenye ndiva, bwawa la udongo lililoko juu kilimani. Kukipambazuka hufunguliwa, na kila nyumba ina siku yake ya zamu. Kila nyumba pia husafisha kipande chake cha mfereji. Zamu yangu ilikuwa Jumatano, na Jumatano tatu mfululizo maji yalinifikia jua limeshapanda, tena kidogo. Shamba la juu yangu lilikuwa la Mama Zuhura, mjane mpole anayemsalimia kila mtu. Upole huo ndio ulionitia shaka. Nilizaliwa na jicho la kuchunguza, na hata leo mtu akinipigia simu kusema "niko njiani", nasikiliza kama jogoo wa kwao anawika karibu.

Jumatano ya nne nilijibanza kwenye migomba asubuhi na mapema. Nikamwona Mama Zuhura amesimama kando ya mfereji, jembe mkononi. Hilo likanitosha. Nikapiga kelele mpaka watu wakajaa, nikasema anayakata maji yangu.

"Sijayagusa, mwanangu," alisema. "Yamekawia tu. Nami nimekuja kuangalia."

Nani angemsikiliza, nami nililia kwa sauti kubwa kuliko yake? Wazee wa maji wakamsimamisha zamu zake hadi shauri lisikilizwe. Maharage yake yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua.

Zikapita wiki mbili, na maji yangu bado ni yale yale. Baba mkwe wangu, mtu wa maneno machache, akaniita.

"Maji yamekawia wapi?"

"Kwa Mama Zuhura, baba."

"Haya, twende tukayaulize."

Tulipanda hadi kwa Mama Zuhura, kisha tukashuka tukiufuata mfereji. Kipande cha Mama Zuhura kilikuwa safi kama sahani. Kwenye kipande changu, chini ya kichaka, tope na nyasi vilikuwa vimeziba njia, na maji yalikuwa yakivuja pembeni kwenda korongoni. Tangu mvua za masika nilikuwa nikisema nitasafisha kesho. Nilitamani ardhi inimeze.

Baba mkwe hakunigombeza. Alikaa juu ya jiwe akaniambia, "Wazee walilitoa neno kuchelewa kwenye kucha, yaani kupambazuka. Aliyechelewa ni yule aliyepambazukiwa: jua limetoka, naye yuko pale pale alipolala. Na aliyekawia, kuna mahali amekaa. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza nani. Uliza wapi, na uanzie miguuni pako."

Mama Zuhura akarudishiwa zamu zake, lakini maharage yalikuwa yameshakauka. Ilinipasa kwenda kumwomba radhi siku ile ile. Nikasema nitakwenda baada ya kuvuna. Baada ya kuvuna nikasema Idi ipite kwanza. Ukweli ni kwamba nilimwogopa. Aliendelea kunisalimia, nami nikaona tabasamu lile lina jambo nyuma yake. Aliponiletea bakuli la plamu nilizitupa zote, nikidhani amezisomea kitu. Mwenye hatia hata sukari huiona sumu, mwanangu.

Siku nilipojikaza nikaenda, nilikuta kufuli. Jirani yake akaniambia amehamia Zirai kwa kaka yake, ameondoka juzi.

"Ulikuwa wapi?" akaniuliza. "Gari ilipiga honi mara tatu, yeye amekaa kizingitini anatazama njia ya kwako. Alisema labda utakuja kumuaga."

Nilipanga kwenda Zirai mwezi unaofuata. Kabla ya mwezi huo kwisha tukaletewa habari za msiba wake.

Sasa nisikilize. Mtu akikuletea neno la kuchelewa, litilie shaka, lakini la kwako ulitilie shaka mara mbili. Foleni, mvua, bodaboda imeharibika, yote hayo yaweza kuwa kweli, na bado pakawa na tope kwenye kipande chako. Kubaki nyuma si aibu. Mlima huu wote hatuupandi kwa mwendo mmoja. Aibu ni kumsingizia aliye mbele yako. Na neno ninaloliogopa kuliko yote ni kuahirisha. Mwalimu mmoja wa madrasa aliniambia lilitoka Kiarabu, na kwamba lina ukoo mmoja na akhera. Nililia mbele yake, mtu mzima mimi, kwa sababu ndiko nilikoipeleka radhi yangu. Kama kuna mtu umemkosea, ondoka sasa, chai utaikuta.

Mungu akupe miguu myepesi na moyo usiojiogopa. Akukutanishe na watu wako wakiwa hai, mlango ukiwa wazi, na wakuitikie hodi yako. Amina.